Slaidi haina yai, tumbo lina minyoo

Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja hapa Mwanza na kopo la choo mkononi, nimelifunga ndani ya mfuko mweusi kama mtu aliyebeba nyama ya wizi. Tumbo lilikuwa linanisumbua mwezi wa tatu: linajaa, linanguruma, leo naharisha, kesho choo hakitoki. Saa mbili asubuhi nikaliacha kopo kwenye dirisha la maabara. Saa saba mchana bado lilikuwa pale pale, jua limeshalifikia, mtaalamu yuko peke yake na foleni ya vipimo vya malaria haiishi. Saa tisa nikapewa karatasi. Mstari wa minyoo na amiba: hakuna kilichoonekana. Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine: fangasi, na alama mbili za kujumlisha. Daktari akaandika flukonazo, dawa ya fangasi, nikalipa, nikaondoka nimeridhika kabisa. Si nilikuwa na karatasi?

Leo nataka kuitetea maabara na kuishitaki karatasi. Ilinipotosha mara mbili, na kila mara kwa namna yake. Kwenye minyoo, kipimo cha choo mara nyingi hukosa kuona kilichopo. Kwenye fangasi huona kilichopo, na ambacho kilikuwepo siku zote bila kumdhuru mtu. Anayesoma mistari yote miwili kwa jicho moja anaweza kumeza dawa miaka na miaka kwa ugonjwa asio nao, huku ule alio nao ukiendelea taratibu.

Tuanze na hesabu, maana wagonjwa hatuonyeshwi kamwe. Jike mmoja wa mnyoo wa kichocho cha tumbo, hiki chetu cha Ziwa Victoria, hutaga mayai kama 300 kwa siku. Karibu nusu hayatoki. Yanakwama kwenye ini na kuta za utumbo, na hayo yaliyokwama ndiyo yanayoleta ugonjwa wenyewe. Tuseme mtu ana majike kumi. Yatatoka mayai 1,500 kwa siku, yametawanyika kwenye choo cha gramu 150 hivi. Ni mayai kumi kwa gramu. Sasa kipimo cha Kato-Katz, ambacho Shirika la Afya Duniani linakitegemea kwenye tafiti za minyoo, huchukua miligramu 41.7 za choo, uzito wa punje mbili za mchele. Mayai yatakayohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Kwa mtu wetu, punje hizo mbili zina wastani wa yai 0.4. Tengeneza slaidi tatu, yaani vioo vya kuangalia kwa hadubini, kutoka kwake, na kwa kawaida mbili hazitakuwa na yai hata moja.

Na hiyo ndiyo njia ya watafiti. Zahanati nyingi hutumia ya haraka: tone la maji ya chumvi kwenye kioo, choo kidogo cha kunasa kwenye ncha ya kijiti, kioo chembamba juu, kisha hadubini. Choo kilichopo hapo hakizidi miligramu mbili hivi. Kwa mtu yule yule mwenye majike kumi, nafasi ya yai kuwepo kwenye kioo ni moja kati ya hamsini. Mtaalamu awe na macho ya tai, hawezi kuona yai lililobaki kwenye kopo.

Kinachotudanganya ni askarisi, ule mnyoo mrefu unaowatoka watoto. Jike wake mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Piga hesabu ile ile: zaidi ya mayai hamsini kwenye slaidi moja ya Kato-Katz, kwa mnyoo mmoja tu. Huyo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza atamwona. Ndiyo maana tumekua tukiamini kwamba choo kikipimwa, minyoo itaonekana. Itaonekana ile inayotaga kama mchwa. Nyingine zina tabia zake.

Kuna mmoja, strongiloidesi, ambaye mayai yake hayafiki hata kooni mwa kopo. Yanaanguliwa ndani ya utumbo, na kinachotoka ni viluwiluwi vichache, leo vipo, kesho havipo. Vingine havitoki kabisa: vinatoboa utumbo au ngozi ya sehemu ya haja na kuanza mzunguko upya ndani ya mtu yule yule. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili walikutwa bado na mnyoo huu zaidi ya miaka thelathini baada ya kurudi kwao, ambako hakuna udongo wa kuwaambukiza tena. Kumpata kunahitaji mbinu ya Baermann: choo huwekwa kwenye shashi juu ya maji ya uvuguvugu, ukasubiri saa kadhaa viluwiluwi viogelee kushuka chini. Nani ana saa hizo kwenye maabara ya mtu mmoja? Na hapa si suala la gesi tumboni tu. Mtu mwenye mnyoo huu akipewa dawa za steroidi kwa pumu, kwa maungio, au akilazwa na UVIKO, kinga ikishuka viluwiluwi vinaweza kusambaa mwili mzima na kumuua.

Kilichonipata mimi ni ile hesabu ya kwanza. Miezi miwili baada ya flukonazo, tumbo likiwa vile vile, nilienda kwingine. Nikaambiwa nilete choo cha siku tatu tofauti, kila siku kibichi, kisizidi nusu saa. Dada wa maabara alichukua kama gramu moja, akaichanganya na fomalini na etha, akaizungusha kwenye mashine hadi uchafu mwepesi ukapanda juu na vitu vizito vikatulia chini, akaangalia masalia ya chini. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Siku ya tatu akafungua mlango, akaniita: “Kaka, njoo umuone mgeni wako.” Niliinama kwenye hadubini. Yai moja tu, rangi ya asali, refu kama kokwa ya tende, na mwiba umechomoza ubavuni. Nimeogelea Ukerewe tangu utoto. Pengine tumeishi pamoja miaka mingi. Nilipimwa uzito nikapewa prazikwanteli kwa kilo. Tumbo limetulia, ingawa siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya dawa. Matumbo hutulia yenyewe pia, na kila muuza mitishamba anajua hilo kuliko anavyokubali.

Na ule mstari wa fangasi je? Rudi dirishani. Choo kilichokaa zaidi ya saa tano kwenye joto la Mwanza si choo kile kile kilichotoka. Amiba aliye hai, yule anayetembea na ambaye ndiye wa kutafutwa kwa mtu anayeharisha damu, hufa ndani ya nusu saa hivi na kupoteza umbo. Mayai ya safura yakikaa joto siku moja huanguliwa. Na kwenye slaidi ya Kato-Katz, gliserini huyayeyusha yasionekane kama hayakusomwa ndani ya saa moja. Wakati huo huo fangasi wa jamii ya hamira wanafanya kazi yao ya siku zote: joto lipo, unyevu upo, chakula kipo, wanaongezeka. Kwa hiyo kuchelewa kule kule kunawaua unaowatafuta na kuwazalisha usiowatafuta. Zile alama mbili za kujumlisha huenda zilikuwa zinapima jua la dirishani.

Hata choo kingekuwa kibichi, bado zisingesema mengi. Candida, mmoja wa fangasi hao wa jamii ya hamira, huishi kwenye utumbo wa watu wengi wasioumwa chochote. Ukimeza antibiotiki huongezeka kwa muda, kisha hurudi nyuma. Hamira nyingine hupita tu na chakula: umekunywa togwa au mbege, au umekula mandazi, chembe zake hutoka na choo na hadubini haiulizi zimetoka wapi. Kuna hata hamira inayouzwa famasi kwa ajili ya kutibu kuharisha, Saccharomyces boulardii, jamaa wa karibu wa hii ya mkate. Ukiimeza asubuhi ukapeleka choo kesho yake, utaandikiwa una fangasi. Nimecheka nilipolitambua hilo, kisha nikakumbuka nilichokilipia.

Hoja ya kwamba Candida wa tumboni ndiye chanzo cha uchovu, kusahau, chunusi, huzuni na hamu ya sukari ilishika kasi Marekani miaka ya 1980. Leo imefika kwetu ikiwa imevaa kanga: kwenye simu zetu tunaambiwa sukari inaumuka tumboni kama unga wa maandazi, na kwamba ukitema mate asubuhi kwenye glasi ya maji yakashusha nyuzi, una fangasi. Mate hushusha nyuzi kwa sababu ni mate. Yana ute. Hoja hiyo ilipimwa kwa haki. Mwaka 1990 madaktari wa Birmingham, Alabama, walichapisha jaribio la wanawake 42 waliokuwa na malalamiko hayo. Walipewa nistatini, dawa ya fangasi, na dawa isiyo na kitu kwa zamu, bila kujua wanapewa ipi. Dalili za ukeni zilipungua kwa nistatini. Uchovu, huzuni na mengine ya mwili mzima yalipungua pia, lakini yalipungua kwa dawa isiyo na kitu karibu sawasawa.

Sisemi fangasi wa utumbo ni hadithi. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, mwenye utando mweupe mdomoni na maumivu akimeza, anaumwa Candida kweli, na daktari humtambua kwa tochi tu. Pia kuna watu ambao fangasi wamezidi kwenye utumbo mwembamba, mahali wanapotakiwa kuwa wachache sana. Madaktari wa Augusta, jimbo la Georgia, wamewapima wagonjwa wenye matumbo yasiyoeleweka na kukuta hali hiyo kwa karibu robo yao. Lakini angalia walivyopima: mrija wa kamera ulipitishwa mdomoni hadi utumbo mwembamba, maji ya mle yakanyonywa, yakaoteshwa, na walihesabu ugonjwa pale tu fangasi walipozidi 1,000 kwa mililita. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Choo kinatoka mwisho wa safari ya mita kadhaa, kimeshapita utumbo mpana wenye wakazi wake. Kukipima ili kujua hali ya utumbo mwembamba ni kama kupima maji ya Mto Nile kule Kairo ili kujua kinachoendelea Jinja. Kamera ya tumbo tunayo kwenye hospitali kubwa. Kuyanyonya maji hayo na kuyaotesha si kipimo utakachokikuta kwenye orodha ya bei ukutani.

Pengo hilo ndilo soko. Kipimo cha kweli kikiwa kigumu, cha uongo huja kikiwa rahisi, safi na chenye rangi. Kila stendi kubwa utamkuta kijana mwenye koti jeupe, kompyuta na kifimbo cha chuma chenye waya. Unashika kifimbo dakika moja, karatasi inatoka: ini asilimia fulani, figo asilimia fulani, fangasi wengi, minyoo ipo, na boksi la virutubisho liko hapo hapo. Ngozi ya kiganja haina habari za mayai ya minyoo. Nimewahi kumwona mama mtu mzima akipimwa, akapewa karatasi ya kurasa kadhaa, akaikunja taratibu na kuifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela. Karatasi yangu ya zahanati nayo nilikuwa nimeitunza vivyo hivyo.

Amiba ana kesi yake. Mtaani “una amiba” ni kama “una mafua”. Lakini Entamoeba histolytica anayetoboa utumbo na kufika kwenye ini ana pacha, Entamoeba dispar, asiyemdhuru mtu na aliye wengi zaidi kuliko yeye, na vifuko vyao chini ya hadubini havitofautiki hata kidogo. Mfaransa Émile Brumpt alisema tangu 1925 kwamba ni viumbe wawili. Hakusikilizwa hadi vipimo vya vinasaba vilipomthibitisha, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likakubali rasmi na kushauri asiyeumwa asitibiwe kwa sababu tu vifuko vimeonekana. Hadubini inaweza kumshika histolytica pale tu anapokutwa hai akiwa amemeza chembe nyekundu za damu, na tumeshaona anavyodumu kwenye kopo. Vinginevyo unahitaji kipimo cha antijeni, yaani chembe za kimelea mwenyewe, au PCR, kipimo cha vinasaba. Kati ya 1997 na leo tumemeza Flagyl ngapi kwa ajili ya pacha asiye na hatia?

Wengi wanadhani PCR itatutoa huku. Itatutoa upande mmoja tu. Kuanzia 2007 hadi 2011 ulifanyika utafiti mkubwa wa kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi saba, Kenya ikiwakilishwa na Siaya. Watafiti walipima watoto wanaoumwa, kisha wakaenda mitaani kwao wakapima na wenzao wazima. Kati ya wanaoharisha, asilimia 83 walikutwa na angalau kimelea kimoja. Kati ya wazima: asilimia 72. Sehemu nyingi, kwa watoto waliozidi mwaka mmoja, Giardia alionekana kwa wazima zaidi kuliko kwa wanaoharisha. Huyu ndiye kimelea ambaye Leeuwenhoek alimwona mwaka 1681 kwenye choo chake mwenyewe alipokuwa anaharisha. Kwa upande mwingine kriptosporidiamu alitokea kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya kuharisha kubaya kwa watoto wachanga, naye haonekani kwenye kipimo cha kawaida cha choo mpaka kipakwe rangi maalumu, aina ile ile ya rangi ya kifua kikuu. Anayeombewa kipimo kila siku huenda hana kosa, na mwenye kosa haombewi.

Ugumu huu ndio umewafanya wenye fedha kuamua kutopima kabisa. Hadi Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi mwaka 2025, mkimbizi wa Burundi aliyeondoka kambi ya Nyarugusu kwenda kuishi huko alipewa dawa za minyoo kabla ya kupanda ndege, bila kopo wala slaidi. Albendazo iliingia kwenye utaratibu huo mwaka 1999, na baadaye zikaongezwa prazikwanteli na ivamektini. Isipokuwa ivamektini haikupewa kiholela kwa waliotoka maeneo ya Kongo yenye mnyoo wa jicho, kwa sababu wenye mnyoo huo kwa wingi inaweza kuwadhuru ubongo. Shuleni kwetu ni vivyo hivyo: pale minyoo inapowapata watoto wawili kati ya kumi au zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri kuwapa wote, kwa kuwa kidonge ni rahisi kuliko kutafuta yai. Naona ni busara. Lakini busara hiyo inasimama kwenye mambo matatu, kwamba tatizo ni la wengi, dawa ni salama na inatolewa mara moja moja. Kwenye flukonazo ya wiki sita kwa fangasi wa karatasini hakuna hata moja kati ya hayo, na ini lako linaihisi.

Kichocho cha tumbo sasa kina kipimo cha mkojo kinachosaka antijeni ya mnyoo wenyewe badala ya yai, na hunasa wengi ambao slaidi huwaacha, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu ule mstari hafifu usiojulikana ni ndiyo au hapana. Hiyo ni hatua. Hatua nyingine haihitaji mashine. Fomu ya maabara ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa. Kwenye fomu yangu ya kwanza nafasi hiyo ilikuwa tupu. Kulikuwa na neno “choo” tu, na mtaalamu aliyepewa neno moja akatafuta kila kitu kwa dakika tatu. Kwenye ya pili daktari, mzee mmoja anayeuliza maswali hadi unachoka, aliandika: anaogelea ziwani, Ukerewe, kichocho? Nilimwuliza yule dada kwa nini hakuacha baada ya siku mbili za bure. Akanigeuzia fomu, akaweka kidole kwenye alama ya kuuliza.